Irumu: Mila inayolindwa kwa bunduki iliandikwa na karani wa mkoloni

BUNIA – Katika njia za Irumu, iwe ile ya Komanda au ile inayopita Bogoro kuelekea Gety na Boga, msafiri anajua swali linalomngoja kwenye bariere: "Wewe ni mtu wa wapi?" Mwenye kuuliza hatafuti jina la kijiji. Anatafuta kabila. Tangu 1999 kuna waliopona kwa jibu la swali hilo, na kuna waliokufa kwa jibu hilo hilo.

Wanaolibeba swali hilo wanasema wanalinda mila. Wanasema ardhi ni ya mababu, mgeni arudi kwao, kila kabila likae katika usultani wake kama zamani. Miaka hii wameongeza neno lenye harufu ya chuo: wanasema wanaondoa ukoloni. Neno hilo linasikika katika mikutano ya vijana mjini Bunia, katika sauti zinazozunguka ndani ya simu, hata midomoni mwa wanasiasa wanaokaa Kinshasa na kuikumbuka Ituri wakati wa kura.

Uongo huo uitwe kwa jina lake. Mila ya "kila kabila na usultani wake" haikutoka kwa mababu. Ilitoka ofisini. Mwenye kumfukuza jirani kwa ajili yake hajamwondoa Mbelgiji. Anamfanyia kazi bila mshahara.

Kalamu iliyogawa watu

Kabla ya ofisi hiyo, Wahema, Wangiti ambao serikali iliwaandika kama Walendu Bindi, Wabira, Walese, Wanyali na Wambuti hawakuishi kama malaika. Kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na ng'ombe wanaokanyaga mashamba, kulikuwa na wakubwa na wanyonge. Wazee wa Irumu hawafichi hayo. Lakini mtu aliyekosana na ndugu zake aliweza kuhama, akaomba shamba kwa wenye kijiji kingine, akaoa huko, na wajukuu wake wakawa watu wa huko.

Serikali ya Ubelgiji haikupenda watu wanaohama. Ilitaka kodi, wapagazi, na vijana wa kuchimba dhahabu ya Kilo, ambayo kazi yake ilianza 1905. Ili kuwapata, ilibidi kila mtu awe na mkubwa mmoja anayejulikana. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 ilitaka kila mwenyeji awe chini ya usultani unaotambuliwa na serikali. Mwaka uliofuata, 1911, shefu wa Wahema aliyeitwa Bomera aliuawa na watu wa Walendu Bindi waliochoka kutawaliwa naye. Wakubwa wa serikali wakaona dawa: kutenganisha. Wahema huku, Walendu kule, kila upande na shefu wake na mpaka wake. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikakaza mfumo huo kwa Kongo nzima, na mwenye kutaka kukaa nje ya eneo lake kwa muda akatakiwa kuwa na hati ya kuhama.

Tazama majina ya masultani ya Irumu leo: Walendu Bindi, Bahema Sud, Bahema Mitego, Bahema Boga, Walese Vonkutu, Banyali Tchabi. Hayo si majina ya milima wala ya mito. Ni majina ya kabila yaliyobandikwa juu ya ardhi, kana kwamba udongo nao una ukoo.

Karani hakujua hata lugha za watu aliowapanga. Upande wa kaskazini, katika Djugu, Wahema wengi lugha ya nyumbani kwao ni Kilendu. Upande wa kusini, Wahema wanazungumza Kihema kilicho karibu na Kinyoro na Kitooro cha Uganda. Watu wawili walioandikwa kabila moja wanaweza wasielewane bila Kiswahili, na watu wawili walioandikwa maadui wanaota ndoto kwa lugha moja.

Boga yenyewe ni ushahidi. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alipofika huko kutoka Uganda mwaka 1896, mpaka wa leo haukuwapo. Waingereza na Wabelgiji walipogawana mwaka 1910, Boga ikawekwa upande wa Kongo. Kivebulaya alikufa 1933 na kuzikwa Boga. Hakuna mkaaji wa Boga aliyeulizwa anataka kuwa wa nchi gani. Leo kuna mtu mwenye silaha anayesimama juu ya mpaka huo wa karatasi na kusema damu ya mababu ndiyo iliyouweka.

Kule Rwanda Wabelgiji hao hao waliandika kabila ndani ya kitambulisho katika miaka ya 1930. Dunia nzima inajua kitambulisho hicho kilifanya kazi gani kwenye bariere za 1994.

Mobutu alibadili majina, hakubadili daftari

Utawala wa Kongo huru nao ulisema unarudi kwenye asili. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka 1972 Wakongomani wakaamriwa kuacha majina ya Kizungu. Wanaume wakavua suti na tai wakavaa abakosti. Mobutu alikwenda Uchina ya Mao na Korea ya Kaskazini ya Kim Il-sung, na Zaire ikajaa ngoma za kumsifu kiongozi na umati wa kupiga makofi. Salongo, kazi ya lazima kwa jina la umma, ikawa desturi. Alichukua mavazi ya ujamaa wa wengine, lakini ule mgao wa mali ambao ujamaa uliahidi hakuuchukua.

Mwaka 1973 serikali yake ilijaribu kuwahamisha mashefu kutoka usultani mmoja hadi mwingine kama makarani wa kawaida. Jaribio hilo halikudumu. Daftari la Mbelgiji likabaki mezani.

Kilichodumu ni sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Kuhusu ardhi ya vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba raisi ataleta amri ya kueleza haki za wanaoishi juu yake. Miaka ikawa makumi bila amri hiyo kutokea. Mkulima wa Irumu akabaki na shamba ambalo sheria inalitaja bila kulilinda. Wakati huo huo, mwenye rafiki ofisini aliweza kupata hati ya shamba kubwa la ng'ombe, na hati hiyo ikishapita miaka miwili bila kupingwa mahakamani, haiwezi kutikiswa tena kwa urahisi. Mwanakijiji asiyesoma Kifaransa angejuaje kwamba saa inahesabu?

Vita vya 1999 vilianzia hapo, katika ugomvi wa mashamba makubwa huko Walendu Pitsi, Djugu. Havikuanza kwa sababu Mlendu alizaliwa kumchukia Mhema. Vilianza na karatasi, vikaendelea na panga, na baadaye ndipo watu wakafundishwa kwamba chuki ni ya tangu Adamu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yalitaja watu 50,000 waliokufa katika Ituri miaka ile.

Ujamaa ulipoanguka

Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ulianguka, na siku ya Krismasi ya mwaka huo Nicolae Ceausescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, akapigwa risasi. Mobutu aliona. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja huku akitokwa na machozi.

Nchi za Ulaya ya mashariki zilifungua mlango huo huo wakati huo huo, na lililozipata linafanana na lililoipata Kongo. Umoja wa Kisovieti ulihubiri undugu wa wafanyakazi wote, lakini tangu 1932 pasi zake za ndani ziliandika taifa la kila mtu. Yugoslavia ilihubiri udugu na umoja, huku ikihesabu Waserbia, Wakroati na Waislamu kila mmoja katika safu yake. Imani ya chama ilipokufa, kilichobaki kabatini ni orodha. Wanasiasa wasio na la kuahidi wakafungua kabati. Katika Bosnia, kati ya 1992 na 1995, majirani waliozungumza lugha moja waliuana kwa kufuata orodha hiyo, na mijini wakaulizana swali lile lile la Irumu.

Huku Zaire mambo yalikwenda hivyo hivyo. Siasa ya kugawa vyeo kwa asili ya mtu ikapewa jina zuri, jiopolitiki. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Katanga, ambako wengi walikuwa wamezaliwa. Mwaka 1993 damu ikamwagika Masisi. Ituri haikuwa kisiwa. Zamu yake ilikuwa inakuja.

Profesa aliyekuja ndani ya gari la jeshi

Kuna sura moja ya historia ya Bunia ambayo vijana hawafundishwi. Katika miaka ya 1960 na 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kisima cha mawazo ya kukomboa Afrika. Walter Rodney alifundisha hapo na mwaka 1972 akatoa kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi hapo. Mahmood Mamdani wa Uganda alifundisha hapo, na baadaye, katika kitabu cha 1996, akaeleza jambo ambalo Irumu inaliishi: mkoloni alimfanya Mwafrika wa kijijini awe mtu wa kabila kwanza, chini ya shefu na sheria ya "mila", na serikali huru nyingi ziliurithi mfumo huo bila kuuvunja.

Ernest Wamba dia Wamba, Mkongomani kutoka Bas-Congo, alifundisha historia katika chuo hicho tangu 1980. Aliandika juu ya baraza la kijiji, ambamo kila mtu anasema mpaka ukweli upatikane, na akaona humo mzizi wa demokrasia isiyoazimwa Ulaya. Lilikuwa wazo zuri. Mobutu alikuwa amemfunga kwa sababu ya maandishi yake.

Mwaka 1999 profesa huyo alifika Bunia kama kiongozi wa RCD-ML. Alifika na nini? Na jeshi la Uganda. Miezi michache kabla, Juni 1999, Jenerali James Kazini wa Uganda alikuwa ameunda jimbo la Kibali-Ituri kwa amri yake mwenyewe na kumtaja gavana. Askari wa nje akachora jimbo ndani ya Kongo, sawasawa na wale wa 1910. Chama cha profesa kikagawanyika, maofisa wa Uganda wakachukua upande huku na huku, vijana wa makabila wakapewa mafunzo ya kijeshi kila mmoja kwa hesabu ya aliyemlipa. Mwisho wa 2000 mtu wa baraza hakuwa na baraza tena, na Bunia ilikuwa inaungua.

Wapo wanaomcheka marehemu Wamba, aliyefariki 2020. Kumcheka ni kazi rahisi. Vigumu zaidi ni kukubali funzo: fikra ya ukombozi ikiingia mjini juu ya gari la silaha, gari ndilo linalotawala. Kizazi kilichofundishwa na Rodney kumchambua mkoloni kilifika Ituri na kutumia daftari la mkoloni kugawa bunduki.

Majina matamu, mikono ile ile

Tangu hapo kila kundi la silaha Ituri limejichagulia jina kutoka kamusi ya ukombozi. UPC ni muungano wa wazalendo. FNI ni chama cha wapenda taifa na wapenda kuunganisha. FRPI ni nguvu ya upinzani wa kizalendo. FPIC, inayojulikana kwa jina la Chini ya Kilima, nayo inajiita ya wazalendo na waunganishaji. Mwaka 2025 Thomas Lubanga, aliyehukumiwa na Mahakama ya La Haye mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini, alijitokeza tena na kundi lenye jina la mapinduzi ya watu.

Jina la CODECO ndilo la kuumiza zaidi. Katika miaka ya 1970 jina hilo lilikuwa la ushirika wa wakulima, uliozaliwa hapa hapa Irumu, katika Walendu Bindi, na Bernard Kakado. Ushirika! Neno la watu wanaochanga jembe na mbegu. Leo mama wa kambi ya Kigonze akisikia herufi hizo anawashika watoto.

Uzalendo, umoja, upinzani, mapinduzi, ushirika. Maneno matano ambayo Afrika iliyatumia kusimama yamegeuka sare za jeshi. Na ndani ya sare, swali ni la karani: wewe ni wa wapi? Hakuna upande usio na hatia hapa. Mauaji ya Nyankunde ya Septemba 2002 na ya Bogoro ya tarehe 24 Februari 2003 yalifanywa na watu waliojiita watetezi. Na vijiji vya Walendu vilivyochomwa miaka hiyo vilichomwa na watu waliojiita wazalendo.

"Lakini kabila lipo!"

Jibu la watetezi wa daftari linajulikana: kabila si uzushi wa Mzungu, lina lugha, lina nyimbo, lina namna ya kuoa na kuzika. Hilo ni kweli, na hakuna anayelipinga. Kingiti kifundishwe kwa watoto wa Gety. Kihema kiimbwe. Maarifa ya Wambuti juu ya msitu yaheshimiwe, maana hao ndio walionyang'anywa zaidi na kusikilizwa kidogo kuliko wote. Mtu kuwa na kabila ni neema. Ardhi, bariere na cheti kuwa na kabila ni jambo jingine kabisa.

Jibu la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwenye hofu. Watu wanasema: jina la kabila likitoka kwenye usultani, ardhi itatoka nalo. Basi waulizwe: jina hilo limemlinda nani? Jina la Bahema Boga halikuizuia ADF kuua watu Boga na Tchabi usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021. Jina la Walendu Bindi halikuzuia njaa na maradhi kuzika watoto wa wahami Gety. Makabila mengi yana usultani wenye jina lao, na bado yana watu wao chini ya turubai. Kama ukuta huo ungekuwa na kazi, kambi zingekuwa tupu.

Wanaofaidika na jina wapo, lakini hawako kambini. Ni yule anayeuza kilima kile kile mara mbili. Ni mwenye kukusanya kodi ya barabara kwa jina la ulinzi wa jamii. Ni mheshimiwa anayehesabu wahami kama kura.

Tanzania ilifanya nini?

Si lazima kwenda mbali. Tanganyika ilirithi machifu wa utawala wa Waingereza kama Kongo ilivyorithi mashefu wa Wabelgiji. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere iliwaondolea machifu mamlaka ya kiserikali. Kiswahili kikawa lugha ya shule za msingi na ofisi. Baada ya sensa ya 1967, serikali iliacha kuwauliza wananchi kabila lao katika sensa.

Tanzania isipambwe. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishwa katika vijiji vya ujamaa, wengi kwa nguvu, na wengine waliona nyumba zao zikichomwa. Uchumi ulianguka. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya Azimio la Arusha, na vyama vingi vikarudi 1992. Ujamaa ulikwisha huko pia.

Lakini ulipokwisha, kilichobaki kabatini kilikuwa tofauti. Mtanzania aliyegombana na jirani yake juu ya shamba hakukuta orodha ya makabila tayari imegawa wilaya. Kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji, na watu wamekufa, kama Kilosa mwaka 2000. Hata hivyo haujageuka kuwa vita vya kuimaliza nchi. Watanzania si watu bora kuliko wana-Ituri. Tofauti ni kwamba wao walilifunga daftari mapema.

Kiswahili hicho hicho kipo Irumu. Ndicho kinachosemwa sokoni Komanda, hospitalini Nyankunde, kwenye foleni ya maji kambini. Mhema na Mngiti wakikutana, hawatafuti mkalimani. Wanaolia kwamba Ituri haina kitu cha pamoja wanalia kwa Kiswahili.

Yanayotakiwa sasa

Kuondoa ukoloni Irumu si suala la hotuba. Kuna mambo manne yanayoweza kudaiwa bila kusubiri vita vingine.

La kwanza ni majina. Masultani na vijiji viitwe kwa milima, mito na miji yao. Shari ni mto na Semliki ni mto. Hakuna anayeweza kufukuzwa mahali kwa sababu hafanani na mto. Bunge la Kinshasa na wabunge wa jimbo wanaweza kulianzisha jambo hili kwa sheria, na mashefu wenye hekima wanaweza kulianza kwa mdomo kabla ya sheria.

La pili ni ushahidi wa shamba. Familia inayorudi kutoka Kigonze au Komanda isidaiwe cheti cha asili. Idaiwe mashahidi: nani alilima karibu nawe, mpaka ulipita wapi, mti gani ulipandwa na nani. Majirani wa makabila yote wasimame pamoja kwenye mpaka, maneno yaandikwe kwa Kiswahili, na nakala apewe mwenye shamba. Wajane wahesabiwe kwa majina yao wenyewe, maana daftari la mkoloni lilimjua baba tu. Mwanamke wa Kilendu aliyeolewa na Mhema, au wa Kihema aliyeolewa na Mlendu, amefukuzwa mara mbili katika vita hivi: kwa mume anaitwa adui, na kwa kaka zake anaitwa mke wa adui. Watoto wake ni wa wapi? Daftari halina jibu. Shamba alilolima analo.

La tatu ni neno "mgeni." Kusini mwa Irumu familia za Banyabwisha zimekuja kutoka Kivu ya Kaskazini na hofu imekuwa kubwa. Hofu hiyo ina sababu zake, kwa sababu watu wamevamiwa na kuuawa. Basi serikali ipime mtu mmoja mmoja: ana karatasi gani, alipata ardhi kwa nani, ana kesi ya silaha au hana. Mwenye kosa ashitakiwe kwa kosa lake. Kuwahukumu wote kwa lugha wanayozungumza ni kurudia yaliyoanza Katanga na Masisi.

La nne ni baraza. Wamba aliona sawa: baraza ni mali ya Afrika. Lakini baraza lenye viti kumi vya wazee wa kabila moja, na mwanajeshi mlangoni, si baraza. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura na utawala wa kijeshi, na raia wamezoea kusikiliza amri. Mabaraza ya kurudi vijijini yawe na wahami wenyewe, wanawake na vijana, na yafanyike mahali ambapo mtu anaweza kusema hapana na kulala nyumbani kwake usiku huo.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi za wafadhili. Yote yanahitaji watu wa kuyadai. Familia iliyo kambini ikitembelewa na mjumbe, mchungaji, mheshimiwa au ofisa wa shirika anayekuja kuandika majina, inaweza kumtaka atengeneze orodha ya mashamba badala ya orodha ya makabila. Akikataa, na ajibu mbele ya wote kwamba anamfanyia kazi nani.